Windows mpya imekula hesabu zangu? Maswali ya wasomaji

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, maswali yanayonifikia yanafanana. Kompyuta imepandishwa hadi Windows 11, au imenunuliwa mpya, na programu ya hesabu iliyokuwa ikifanya kazi miaka nenda rudi haifunguki tena. Nimechagua machache, na la Mac moja. Kama yamekukuta leo, kabla hujasoma zaidi: usifute kitu, usifomati, wala usimruhusu mtu "ajaribu kidogo". Nakili kwanza.

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mbale. Kijana wangu alimwita fundi akapiga Windows 11 juu ya ile ya zamani. QuickBooks tuliyonunua mwaka 2008 imegoma. Fundi anasema hesabu zimepotea, tuanze upya. Ni kweli, mzee?

Fundi amesema haraka mno. Programu ni kitu kimoja na faili la hesabu ni kitu kingine, na hadi sasa kilichogoma ni programu. Kwa QuickBooks ya kompyuta ya mezani, faili la kampuni yako lina jina linaloishia na .QBW, na nakala ya akiba inaishia na .QBB. Fungua sehemu ya kutafutia mafaili, andika *.qbw, usubiri. Mara nyingi limelala ndani ya C, kwenye Users, Public, Documents, Intuit. Ukiliona, tazama ukubwa na tarehe yake. Likiwa na megabaiti za kutosha na tarehe ya siku mliyofunga duka kwa mara ya mwisho kabla fundi hajaja, shusha pumzi. Linakili kwenye flashi mbili, moja ilale dukani, nyingine nyumbani.

Kisha muulize fundi alipiga vipi. Kama alipandisha juu ya ile ya zamani bila kufuta diski, Windows huwa inauweka mfumo wa awali kwenye folda iitwayo Windows.old, na kwa siku 10 za mwanzo unaruhusiwa kurudi ulikotoka: Settings, System, Recovery, halafu Go back. Siku hizo zikipita, mlango huo umefungwa. Kama alifuta diski nzima, izime kompyuta sasa hivi na utafute mtu anayeokoa data kwa kazi, kwa sababu kila unapoendelea kuitumia unaandika juu ya kile unachokitafuta.

Ukifanikiwa kurudi, usiketi ukauza saruji kama hakuna kilichotokea. Toa urari (trial balance), leja kuu, orodha ya wadaiwa na ya wadai, kila mwaka kivyake, kwa PDF na kwa Excel. Ndipo ununue toleo jipya. Toleo jipya litalifungua faili la zamani kwa kulibadilisha, na likishabadilishwa ile QuickBooks ya 2008 haitalisoma tena. Kwa hiyo toleo jipya lipe nakala, faili lenyewe libaki bila kuguswa.

Mimi ni mweka hazina wa chama cha akiba na mikopo Kasese. Programu yetu ni ya zamani sana, ile yenye skrini nyeusi isiyotumia mausi. Kwenye Windows 7 ilikwenda vizuri. Kompyuta mpya inasema programu haiwezi kufanya kazi hapa. Wanachama wanauliza salio zao.

Hiyo ni programu ya DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, ya biti 16 (biti hapa ni kiasi cha data ambacho kompyuta hushika kwa mara moja). Windows 7 na hata Windows 10 zilikuwa na matoleo ya biti 32 ambayo yaliweza kuziendesha programu za namna hiyo. Windows ya biti 64 haiwezi, na Windows 11 haikutolewa kwa biti 32 kabisa. Kwa hiyo hakuna kitufe chochote kwenye kompyuta mpya kitakachoituliza, hata ukeshe.

Lakini wewe una bahati ambayo wenye programu za kisasa hawana. Programu nyingi za DOS za miaka ya 1990 ziliandikwa kwa dBASE, Clipper au FoxPro, zana za kuundia programu za kutunza kumbukumbu, na hizo huhifadhi data kwenye mafaili yanayoishia na .DBF. Chomoa diski ya kompyuta ya zamani, au inakili folda nzima ya programu, kisha weka LibreOffice, ambayo ni bure, na ulifungue faili moja la .DBF kama unavyofungua karatasi ya hesabu. Utaona safu zenye majina mafupi yaliyokatwakatwa, kwa sababu dBASE haikuruhusu zaidi ya herufi 10: MEMNO, SURNAME, SHARES, LOANBAL. Hapo ndipo salio za wanachama wako zilipo, mstari kwa mstari. Zihifadhi kama karatasi ya hesabu mpya, usiandike juu ya .DBF.

Angalizo moja linalowaumiza wengi: kwenye dBASE, rekodi iliyofutwa haiondoki mara moja, huwekewa alama tu. Kwa hiyo unaweza kukuta mwanachama aliyejitoa zamani bado amekaa kwenye orodha, au malipo yaliyobatilishwa yamejitokeza tena. Linganisha jumla na ripoti ya mwisho mliyochapisha kabla hujamsomea mtu salio lake mbele ya mkutano.

Kama mnataka programu yenyewe iamke, zipo njia mbili. DOSBox huiga kompyuta ya DOS, ila iliundwa kwa ajili ya michezo ya zamani, na ile ya kawaida haichapishi. Afadhali VirtualBox: unaweka Windows ya biti 32 ndani ya kompyuta mpya, bila kuiunganisha na intaneti. Mimi ningeitumia kusoma na kuchapisha tu. Kuendelea kuingiza michango ya wanachama humo ni kuuahirisha msiba.

Ofisi yetu Gulu inatumia Mac. Mtu alibonyeza kukubali toleo jipya, sasa programu ya fedha ina alama ya kukatazwa juu ya picha yake. Tulinunua kwa pesa, wanawezaje kuizima?

Wanaweza, na hii si mara ya kwanza. Mwaka 2006 Apple, watengenezaji wa Mac, ilihamia kwenye prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel, na programu za zamani zikawa zinaendeshwa kwa mkalimani aitwaye Rosetta. Mwaka 2011, toleo la mfumo wa Mac liitwalo Lion lilimwondoa mkalimani huyo. Waliokuwa wakiweka hesabu zao kwenye Quicken 2007 wakabaki mlangoni hadi Machi 2012, Intuit ilipotoa Quicken 2007 inayokubali Lion. Mwaka 2019 likaja Catalina, likazikataa programu zote za biti 32. Hiyo alama unayoiona ndiyo hiyo.

Kama Mac yenu ilitengenezwa kabla ya Catalina, chukueni diski ya nje, muweke humo Mojave, toleo lililotangulia, na muiwashe Mac kutoka kwenye diski hiyo mnapotaka hesabu za zamani. Kama ilitoka kiwandani na Catalina au toleo la baadaye, haitakubali kurudi nyuma. Tafuteni Mac nyingine ya zamani, hata ya kuazima, mtoe ripoti na mafaili.

Na mjiandae tena. Apple ilitangaza Juni 2025 kwamba Rosetta 2, mkalimani wa sasa wa programu za Intel kwenye Mac zenye prosesa ya Apple yenyewe, M1 na kuendelea, itabaki kamili hadi macOS 27, kisha itapunguzwa. Mwulizeni aliyewauzia programu leo kama ana toleo lisilomhitaji mkalimani. Akijikunakuna, mmeshapata jibu.

Napangisha vyumba Bombo na hesabu za kodi nimeziweka kwenye Microsoft Money tangu marehemu mume wangu alipokuwa hai. Sasa haifunguki. Nifanyeje, mwanangu?

Hajati, pole. Microsoft iliacha kuuza Money mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatoa toleo la mwisho la bure liitwalo Money Plus Sunset, lisilodai kuamilishwa. Mjukuu akutafutie hilo, alifungue nalo faili lako linaloishia na .mny, lakini kwenye nakala. Likifunguka, toa kila akaunti kwa QIF, muundo wa faili ambao programu nyingine za hesabu huusoma. Money hutoa akaunti moja moja, kwa hiyo mwambie asikimbie. GnuCash, programu ya hesabu ambayo ni bure, inasoma QIF. Kwa vyumba vya kupangisha, ukiniuliza, hata karatasi ya Excel inatosha.

URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, wakija kukagua, si naweza kuwaambia kompyuta imebadilishwa na hesabu zimekwenda? (Arua)

Hapana. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2014 inakutaka utunze kumbukumbu kwa miaka 5 baada ya kipindi cha kodi zinachohusu, na haikumsamehe mwenye Windows mpya. Usijidanganye na EFRIS pia, mfumo wa URA wa ankara na risiti za kielektroniki. Humo zimo ankara na risiti ulizotoa. Daftari lako la fedha, mishahara na pesa za simu ulizomtumia dereva havimo.

Je, nikiiacha kompyuta ya zamani na Windows 10 yake, nisiiguse? (Jinja)

Kwa kusoma hesabu za nyuma, ni mpango mzuri. Itoe kwenye intaneti, iandike kwa karatasi "ya hesabu tu", na usichomeke flashi ya kila mpita njia. Ukitaka iendelee mtandaoni, Microsoft imetoa nyongeza ya masasisho ya usalama kwa kompyuta za watu binafsi hadi Oktoba 2026.

Kuna kitu kidogo kinachosahaulika. Ndani ya kompyuta kuna betri ya duara, mara nyingi CR2032, inayotunza saa wakati umeme umekatika. Kompyuta ya zamani ikikaa kabatini bila kuwashwa, betri hiyo iliyochoka inaweza kufa, na ukiiwasha saa inarudi nyuma miaka mingi. Programu ya hesabu itaiamini tarehe hiyo, na ukiingiza risiti moja tu itaangukia mwaka uliokwisha kufungwa. Tazama tarehe kwanza, kila mara.

Fundi mmoja Kampala Road ana toleo lililovunjwa leseni, la bei nafuu. (Ntinda)

Mwachie. Anayekuvunjia leseni ndiye huyo huyo anayeweza kukuachia kirusi ndani ya kompyuta yenye namba zako za benki.

Lini ni wakati mzuri wa kubadilisha? (Busia)

Si Juni, kwa sababu mwaka wa kodi unafungwa tarehe 30. Wala si Desemba, kama kawaida yako ni kuwasilisha ritani ya mwaka siku za mwisho. Kama una VAT, subiri tarehe 15 ipite ukiwa umeshawasilisha ya mwezi uliopita, kisha uende na mifumo miwili sambamba mpaka ufunge mwezi mmoja mzima. Toa urari kwenye wa zamani na kwenye mpya, uviweke ubavu kwa ubavu. Vikitofautiana hata kwa shilingi 500, ule wa zamani usiuzime bado.