Jibu: Shakeli zenye kiungo cha kuzunguka kwa pikapu inayobeba mzigo Karamoja

Ndugu yangu, umeuliza kama inafaa kuondoa shakeli za kawaida (vishikio vinavyobembea, vinavyoiunga ncha ya springi na chesisi) kwenye pikapu yako ya Land Cruiser na kuweka zile zenye kiungo kinachozunguka, kwa sababu tairi moja la nyuma hubaki hewani kila unapovuka makorongo kati ya Kotido na Kaabong, huku Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Magari ya aina hiyo ndiyo ninayoyaendesha na kuyatengeneza upande huo. Jibu langu ni kwamba kiungo hicho kinasaidia, mradi kikae kwenye ncha moja tu ya springi, na mradi kisiwe cha aina ile inayokunjuka vipande viwili.

Springi ya majani, yaani ile ya vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, hubeba uzito, na wakati huohuo huishika ekseli isisogee mbele, nyuma wala kando. Kwenye gari lako jicho la mbele (tundu la duara kwenye ncha ya springi) limefungwa kwa pini kwenye chesisi, na jicho la nyuma limeshikwa na shakeli, kwa kuwa springi inapobonyea hunyooka na kurefuka, na urefu huo ni lazima upate pa kwenda. Shakeli ya kawaida huenda mbele na nyuma tu. Tairi la kushoto likipanda mwamba na la kulia likashuka shimoni, ekseli hulala upande, na kwa kuwa springi imefungwa juu yake kwa yuboliti (boliti zenye umbo la U), nayo hulazimika kujinyonga. Macho yake hayawezi kuufuata mnyongo huo, isipokuwa kwa kiasi ambacho mpira wa bushi, yaani ule uliomo ndani ya jicho, unakubali kubonyea. Mpira ukifika mwisho, springi hukaza na tairi huachana na ardhi.

Ndiyo maana sikubaliani na mafundi wanaomshauri kila mwenye gari la porini aweke bushi za poliyurethani, aina ya plastiki. Hizo ni ngumu kuliko mpira, na kwa gari linalobeba mzigo mzito kwenye lami zinafaa sana, lakini ugumu huohuo huizuia springi kujinyonga, na mwishowe nguvu yote huishia kwenye pini na mabano ya chesisi.

Kabla ya kununua chochote, kagua bushi ulizonazo. Ingiza mtaimbo kati ya shakeli na jicho la springi, kisha usukume taratibu huku ukiangalia kwa karibu. Jicho likicheza juu na chini bila mpira kukaza, bushi imekwisha. Na ukiona mpira umetokeza pembeni kama kofia ya uyoga, una nyufa na unaacha unga mweusi kidoleni, usijisumbue kupima zaidi. Unapofunga mpya, kaza boliti za macho na za shakeli gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa juu ya jeki. Boliti zikikazwa springi zikiwa zinaning'inia, mpira hushikwa katika mkao huo, na gari likishushwa unakuwa umekwisha kunyongwa hata kabla ya safari. Nimeletewa gari lililotoka kwenye gereji moja Kampala likiwa na bushi mpya kabisa, zote zimechanika kwa sababu hiyo, na mwenye gari alikuwa ameambiwa kwamba tatizo ni barabara.

Sasa turudi kwenye viungo vyenyewe. Shakeli inayokunjuka vipande viwili huliruhusu tairi kushuka chini zaidi, na kwenye picha hupendeza. Lakini tairi lililoshuka kwa njia hiyo hukanyaga karibu kwa uzito wa ekseli peke yake, kwani springi haisukumi tena, kwa hiyo mshiko unaopatikana ni mdogo kuliko unavyodhani. Kibaya zaidi, ukipita ubavuni mwa kilima ukiwa na mapipa ya maji au magunia ya mahindi, shakeli ya upande wa juu inaweza kukunjuka ghafla na bodi ikazidi kuinama kuelekea bondeni. Kwa gari la mzigo siipendekezi hata kidogo.

Aina ya pili ina kiungo cha tufe, ambacho huliacha jicho la springi ligeuke pia kuelekea kando. Hii ndiyo inayokufaa, na iwekwe kwenye shakeli tu. Jicho la mbele libaki na bushi yake ya mpira, kwa sababu ncha zote mbili zikilegezwa hakuna kitakachoishika ekseli kando, na nyuma ya gari itaanza kuyumba na kujiongoza yenyewe. Chagua kiungo chenye sili ya kuzuia vumbi na nipeli (tundu) ya kupigia grisi, maana vumbi letu likichanganyika na grisi kuukuu husaga chuma. Kila baada ya kuvuka maji au tope, piga grisi mpaka ile chafu itoke yote.

Ekseli ikipata mwendo mrefu zaidi, vitu vingine navyo huvutika. Kabla ya kutoka gereji, pandisha tairi moja la nyuma juu ya kifusi, lile la upande wa pili liachwe lining'inie, halafu ingia chini uangalie hozi ya breki, mwanya wa kuteleza wa propela (mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli) na urefu wa shokabzoba. Shokabzoba fupi hugeuka kuwa kamba ya kuizuia ekseli, na hung'oa vishikio vyake. Yuboliti zilizofunguliwa zibadilishwe, zikazwe sawasawa kwa zamu, na zikazwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo.

Haya yote yanahusu nyuma tu. Pikapu za Land Cruiser za mfululizo wa 79, zilizoanza kutoka mwaka 1999, zina springi za koili mbele. Kama yako ni ya zamani zaidi na ina majani mbele pia, ziache shakeli za mbele kama zilivyo, kwa kuwa ekseli ya mbele ikipata uhuru wa kusogea, usukani utavutwa kila unapokanyaga shimo.