Mwanangu, hukumtelekeza mgonjwa

Mvumi, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa napepeta uwele, nikaweka ungo chini, maana ile haikuwa sauti yako ninayoijua. Nimeamua kukuandikia. Kwenye simu tutaishia kulia wote wawili na hakuna litakalosemwa.

Umenieleza kwamba Alhamisi ulikwenda Ilazo kwa yule mzee aliyepooza upande mmoja, umsafishe kidonda cha mgongoni na kumchoma insulini ya jioni. Geti akakufungulia mwanawe mkubwa, amelewa. Akalifunga kwa kufuli nyuma yako, ufunguo akautia mfukoni, akakushika mkono na kukuvuta upande wa sebuleni. Ukamwambia umesahau dawa kwenye bodaboda. Akafungua, ukatoka, hukurudi. Kesho yake msimamizi wako akakwambia umemtelekeza mgonjwa, na kwamba muuguzi mwenye wito asingeondoka. Sasa unaniuliza mimi, niliyezunguka na begi la dawa vijijini miaka 22: "Mama, nilikosea?"

Kutoka hukukosea. Hata ungeacha begi lako lote ndani ukakimbia, usingekuwa umekosea.

Nina neno moja tu la kukusahihisha, na nalisema kwa sababu najua unampenda yule mzee. Ulipofika chumbani kwako ulizima simu, ukalala. Naelewa, mwili ulikuwa unatetemeka. Lakini mzee alibaki bila insulini, na ofisini kwenu hakuna aliyejua mpaka asubuhi. Siku nyingine ukishafika penye watu, hata kama ni dukani kwa Mangi, piga simu kabla hujakaa chini: "Nimetoka, sikuwa salama, mgonjwa hajapata dawa yake, tumeni watu wawili." Ukishasema hivyo, dhamana imerudi kwa mwajiri, naye ndiye anayepaswa kuhangaika usiku huo.

Hilo neno "wito" limeniuma. Sisi tulilishwa wito asubuhi na jioni. Ukiomba glavu unaambiwa kazi hii ni wito. Ukisema njia ya korongoni inatisha, wito. Mimi niliamini, na nusura ninyi mlelewe na shangazi yenu kwa ajili ya kuamini huko. Jambo hili sijawahi kukusimulia.

Mwaka 2006, wewe ukiwa darasa la pili, nilikuwa namhudumia mama mmoja upande wa Bahi. Alikuwa anaishi na virusi vya UKIMWI, na kifua kikuu kilikuwa kimemrudia. Siku zile aliyerudiwa na kifua kikuu alichomwa streptomaisini kila siku kwa miezi 2, na yeye kufika zahanati hakuweza, basi nikawa nakwenda mimi. Nyumba ilikuwa tembe la kwao kabisa, mlango wa kuinama, paa la udongo, ukutani tundu moja la kupitishia moshi. Ukiingia kutoka juani huoni hata kiganja chako. Mtoto wake wa miaka kama 8 alinishikia koroboi. Sahani yangu ya vifaa niliiweka kitandani karibu na paja la mgonjwa, maana meza haikuwepo.

Nikamchoma vizuri. Kisha nikafanya ambalo tulikatazwa tangu chuoni: nikataka kuirudishia sindano kifuniko chake, kwa sababu sefti boksi, lile boksi gumu la kutupia sindano zilizotumika, sikuwa nayo. Zilikuwa zimekwisha kituoni tangu mwezi uliopita. Ndama aliyefungwa kwenye kona akashtuka, mtoto akageuka, mwanga ukaondoka. Sindano ikapita pembeni ya kifuniko, ikaingia kwenye kidole gumba. Niliposogeza mkono kwenye koroboi niliona tone la damu limejikusanya ndani ya glavu, chini ya ule mpira mweupe, dogo kama punje ya mtama mwekundu. Yule mama naye aliliona. Akanitazama, akaanza kuniomba msamaha, yeye mgonjwa asiyeweza hata kuketi.

Niliosha kwa sabuni na maji ya dumu, nikapanda baiskeli, nikanyamaza. Mwaka uliotangulia mwenzetu mmoja alijichoma, akatoa taarifa, akajibiwa kwa barua ya onyo kwamba ni mzembe. Basi nililala usiku wa kwanza nimenyamaza, na usiku wa pili pia, na baba yako sikumwambia kitu. Siku ya tatu asubuhi nikashindwa kukusuka nywele kwa jinsi mikono ilivyokuwa inatetemeka. Nikapanda basi kwenda hospitali. Daktari akaniuliza saa ngapi zimepita, akahesabu kwa vidole, akashusha pumzi. Dawa za kuzuia VVU visishike hutakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, na mwisho wake ni saa 72. Mimi nilikuwa nimebakiwa na kama siku moja tu. Nilizimeza siku 28, nikitapika kila asubuhi, na wewe ukidhani mama ana malaria. Nilipimwa na kurudiwa kupimwa kwa miezi 6. Mungu alinisitiri.

Kwa hiyo mtu akikwambia muuguzi wa kweli haondoki, ujue mama yako hakuondoka, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyefaidika na kunyamaza kwangu.

Hospitali, mwanangu, muuguzi ana mlinzi getini, taa juu ya kichwa, meza, bomba la maji, na mwenzake wa kumwita. Nyumbani kwa mtu hivyo vyote havipo, na juu ya hayo wewe ni mgeni. Adabu tuliyolelewa nayo inakuziba mdomo. Mgeni hamwambii mwenyeji funga mbwa wako, wala acha geti wazi, wala zima sigara. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli tunakwenda ili apone, lakini hizo tatu uzizoee kuzisema. Hodi ipigwe kwa sauti, salamu itolewe kwa wote, mbukwenyi kama ni kwa Wagogo, kisha pale pale mlangoni useme kwa upole: "Samahani baba, kwa utaratibu wa kazi yetu geti halifungwi nikiwa ndani." Sema ni utaratibu wa kazi. Mtu akiona ni sheria ya ofisi hachukii kama akiona unamshuku yeye. Kiti chako kiwe upande wa mlango. Bodaboda awe mmoja unayemjua, asiondoke mpaka umempungia mkono, na ofisini ajulikane mtu wa kupokea ujumbe wako wa kuingia na wa kutoka. Usipotoka kwa muda uliosema, akupigie.

Kuhusu sindano sitarudia, umesoma kunishinda. Sefti boksi uiweke karibu na mkono wako kabla hujafungua sindano, na ikijaa robo tatu ifungwe. Ila nataka unijibu: chanjo ya homa ya ini B ulimaliza? Dozi ni 3, ya pili mwezi 1 baada ya ya kwanza, na ya tatu miezi 6 tangu hiyo ya kwanza, na wengi wenu huishia ya pili. Virusi vile hupita kwa sindano kirahisi kuliko VVU, tena kwa mbali sana. Nitumie picha ya kadi.

Mgonjwa wa kifua usimhudumie chumbani kama anaweza kutolewa nje. Mimi nilichelewa kulijua hilo. Tembe linatunza joto na linatunza pia kila kinachokoholewa ndani yake. Mtandikieni mkeka uani, upepo wetu huu wa Dodoma unaotuudhi kwa vumbi hapo una kazi. Na huyo mzee wa Ilazo usimnyanyue peke yako. Mgongo wangu huu unaonilaza chali kila masika ulianzia kwenye kunyanyua wagonjwa. Muwe wawili, mmtelezeshe kwa shuka. Mbwa akikung'ata, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu chanjo siku hiyo hiyo, hata mwenye mbwa akiapa kwamba mbwa wake ni mzima.

Sasa kazini kwenu. Jumatatu andika maelezo kwa mkono wako: tarehe, saa, nani alifunga geti, alikushika wapi, uliwaambia lini. Toa nakala, wakugongee muhuri wa kupokea. Tangu 2003 tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, ndio wasimamizi wake. Usalama wako kazini ni wajibu wa mwajiri, wala si fadhila zake. Uliza pia kama wamekusajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule ulioanza kazi 2015. Mchango wake analipa mwajiri, wewe hukatwi hata senti, na ndio unaomhudumia aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Hivyo vyote mimi sikuvijua wakati wangu.

Na yule kijana, kukushika mkono na kukufungia geti si ulevi tu. Nenda Dawati la Jinsia polisi, uwaeleze. Ukiogopa kwenda peke yako, nakuja na basi la asubuhi tunakwenda wote.

Mzee hana kosa, nalijua hilo ndilo linalokunyima usingizi. Mwambie msimamizi wako mko tayari kumhudumia kwa sharti: mnakwenda wawili, binti yake yule anayefanya kazi wizarani awepo, na yule kijana asiwepo. Hilo likishindikana, familia imlete kituoni kwa gari. Wakikataa yote mawili, basi watafute mtu mwingine, na jina lako lisiwemo.

Kwenye basi la kesho nimempa kondakta kifurushi chako. Kuna unga wa uwele, mlenda mkavu, na tochi ya kuvaa kichwani niliyonunua Majengo mwaka ule wa 2006 nilipomaliza zile dawa. Kioo chake kimepata ufa pembeni ila inawaka vizuri. Betri mpya nimezifunga kwenye soksi.

Mama yako