Askari waliobebana kwenye chesi: tukubali au tukatae?

*Mwalimu, shikamoo. Kwenye ufunguzi wa Kihispania (e4 e5, farasi f3 na c6, askofu mweupe b5), mweupe akila farasi wangu wa c6, askari wangu wawili wanabebana safu ya c, mmoja mbele ya mwingine. Ni hasara?* Mwanafunzi, Jinja

Marahaba. Si hasara, mradi umle askofu huyo kwa askari wa d. Malkia na askofu wa c8 wanapata njia papo hapo, na maaskofu wote wawili unabaki nao. Askari wa e5 asikunyime usingizi: farasi wa mweupe akimla, malkia wako anatua d4, anawakaba farasi na askari wa e4 kwa mpigo, na deni linalipwa.

Hatari iko mwishoni. Mweupe akisukuma d4 mkalana askari, anabaki na wanne kwa watatu upande wa mfalme, na hapo atapata askari wa kupenya, asiye na askari wa kumzuia. Wewe una wanne upande wa malkia, lakini kwa vile wawili wamebebana, wanafanya kazi ya watatu. Basi usibadilishane kete ovyo. Mimi yalinikuta chini ya mwembe, stendi ya boda, Katwe: njaa ya mchana ilinifanya nibadilishane hadi ngome ya mwisho, kisha nikamtazama askari wake wa e akipanda taratibu kama mtu aendaye sokoni. Hesabu hiyo hiyo ndiyo Bobby Fischer, Mmarekani aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, aliyoitegemea Havana mwaka 1966, alipoutoa kabatini mtindo huu wa kula c6.

*Mimi ni mweupe. Askofu mweusi wa b4 ananilia farasi wa c3 kwenye ufunguzi wa Nimzo-India. Nifurahi?* Fundi simu, Arua

Furahi nusu. Askari wa b akila c3, d4 inapata nguzo, safu ya b inafunguka, na maaskofu wawili ni wako. Ila askari wa c4 hana mwenzake wa kumlinda, na mweusi atamfuata kwa farasi wa a5 na askofu wa a6. Fungua mchezo mapema. Reykjavik 1972, mchezo wa 5 wa pambano la ubingwa wa dunia, Fischer akiwa mweusi aliifunga katikati, maaskofu wa bingwa Spassky wakakosa pa kupumulia, naye Spassky akasalimu amri hatua ya 27.

*Na nikila kwa askari wa h kwenda g3?* Mama wa watoto wawili wachezaji, Mbale

Kula, dada. Ngome ya h1 imefunguliwa mlango bure. Wa kuogopa ni wawili waliobebana safu ya a bila jirani. Hao ni mzigo tu.