Maswali na majibu: "Did you went" na ndugu zake

Barua za safari hii karibu zote zinalalamikia kitu kimoja: Kiingereza cha jambo lililokwisha kupita. Naanza na mtoto, wakubwa mtanisamehe.

Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha kwanza, Tanga. Niliandika "I did not went to school", nikakoseshwa. Lakini nilikuwa naeleza habari ya jana! Kosa liko wapi?

Marahaba, mwanangu. Jibu unalo mdomoni tangu ulipoanza kusema. Ukienda mahali unasema "nilienda". Usipoenda unasema "sikuenda". Ile -li- imekwenda wapi? Imeondolewa, kwa sababu -ku- imeshika kazi zote mbili, kukanusha na kuonyesha wakati. Hujawahi kusikia mtu akisema "sikulienda", hata mtoto wa miaka mitatu.

Basi "did" ndiyo -ku- ya Waingereza. Ikishaingia imebeba wakati uliopita peke yake, na kitenzi kinachofuata kinarudi utupu wake: "I did not go", "Did you go?", "She didn't come". Ulichoandika wewe ni "sikulienda". Isome hivyo kimoyomoyo kila unapotaka kuandika "did not went", utacheka mwenyewe.

Niko Nakuru. Kazini nilisema "I have seen him yesterday", mwenzangu akanisahihisha mbele ya watu. Mbona kwa Kiswahili nasema "nimemwona jana" na hakuna anayeshtuka?

Hakuna anayeshtuka kwa sababu -me- ya mazungumzo yetu ni mpole, inakaa na jana, juzi, hata mwaka jana. "Have" ya Waingereza si mpole. Ukitaja wakati uliofungwa kama "yesterday", "last week", "two days ago" au "in 2019", inakimbia, na unabaki na "I saw him yesterday". Usipotaja wakati, na jambo lenyewe bado linakugusa, hapo ndipo mahali pake: "I have lost my keys", yaani mpaka sasa nimesimama nje ya mlango. Ukisema "I lost my keys", huenda ulishazipata zamani na sasa unahadithia tu.

Mwenzako alikuwa sahihi kwenye sarufi. Kwenye adabu, tumwachie mwenyewe.

Mwalimu, nipo Muscat, barua zote za ofisi ni Kiingereza. "To" inanitesa. Niliandika "I called to him" na "He explained me the problem", zote mbili zikarudishwa. Ni lini naiweka na ni lini naiacha?

Hili ndilo swali nililolingoja. Chukua neno moja, "nilimwandikia", ulipasue kama samaki. Ni- ni mimi, -li- ni wakati uliopita, -mw- ni yeye, -andik- ni kazi yenyewe, na kale ka -i- kadogo kabla ya -a ya mwisho kanasema kazi ilielekezwa kwa nani. Mwingereza anavitoa vitu hivyo kimoja kimoja na kuvipanga mezani: "I wrote to him". Sisi tunafungasha, yeye anafungua mzigo. Shida zetu nyingi za nafsi, za wakati na za vihusishi zinatokea hapo, tunapofungua mzigo na kukisahau kimoja ndani ya gunia.

Tazama kazi ya hiyo -i-. "Nilimpikia" ni "I cooked for him". "Nilimwibia" ni "I stole from him". Halafu linganisha "nilimkimbia" na "nilimkimbilia": ya kwanza ni "I ran away from him", ya pili ni "I ran to him". Silabi moja tu, na mtu aliyekuwa anatoroka sasa anakwenda kukumbatiwa. Kwa hiyo usitafsiri -i- kwa "to" kila unapoiona. Uliza kwanza kazi ilielekea wapi.

Na mara nyingine haitafsiriki kabisa. "Nilimpigia simu" ni "I called him", basi. "I called to him" maana yake nilimwita kwa sauti, labda yuko ng'ambo ya barabara. "Nilimwambia" ni "I told him", bila "to", lakini ukitumia "say" lazima useme "I said to him". "Explain" ndiyo kaidi kuliko zote: Kiswahili kinasema "alinieleza" bila -i- yoyote ya ziada, Kiingereza kinadai "He explained the problem to me". Hapo hakuna kanuni ya kukuokoa. Kariri kitenzi pamoja na mwenzake, kama unavyomjua mtu pamoja na mkewe.

Mimi ni mama wa nyumbani, Mbeya. Mwanangu ananicheka nikisema "My mother he told me".

Tuna "yeye" mmoja kwa wote, mama, kaka na bibi harusi. Wao wanachagua: "she" kwa mwanamke, "he" kwa mwanamume. Lakini mwambie mwanao hata "My mother she told me" ina tatizo. Ile a- ya "mama aliniambia" hatuwezi kuiacha, ndiyo maana tunachomeka "she" bila kujua. Kiingereza sanifu kikishataja "my mother" kimemaliza: "My mother told me". Vivyo hivyo kitabu "nilichokinunua" ni "the book I bought", bila "it" ya kufunga mkia.

"Nilipanda basi" ni "in the bus" au "on the bus"?

"I got on the bus", na ukishuka ni "I got off". Teksi ni "I got into the taxi", na kushuka ni "I got out". Chombo ambacho mtu anaweza kusimama na kutembea ndani yake, kama treni, ndege au meli, hupewa "on". Gari dogo la kuingia kwa kuinama na kukaa hapo hapo ni "in", kwa hiyo bajaji ni "in" na mtumbwi ni "in". Bodaboda ni "on", maana unaikalia mgongoni. Daladala nayo ni "on", ingawa mimi kwa urefu wangu sijawahi kusimama wima ndani ya Hiace.

Mwalimu, "go" inageukaje kuwa "went"? Hata herufi moja hazifanani!

Hazifanani kwa sababu si ndugu. "Went" ilikuwa mali ya kitenzi kingine, "wend", nacho kilimaanisha kwenda. "Go" ikaichukua, na "wend" ikabaki na "wended", ambayo leo huisikii mara nyingi. Usiwacheke sana. Mgeni anayejifunza Kiswahili naye anauliza: kama kitenzi ni kuja, mbona mnaitana "njoo"?