Kuungua kwa watoto wakati wa kufungiwa ndani

Umeuliza kwa nini watoto waliungua zaidi wakati wa korona ilhali wazazi walikuwa nyumbani. Kuwepo si kuangalia, ndugu yangu. Mzazi yuko kwenye simu ya kazini, chai iko ukingoni mwa meza, mtoto wa mwaka mmoja na nusu anavuta kitambaa. Wadogo huunguzwa zaidi na vimiminika vya moto kuliko moto wenyewe, na maji ya nyuzi 60 yanatosha kuchoma ngozi yao laini ndani ya sekunde chache.

Halafu kulikuwa na kujifukiza. Mwaka 2020 madaktari wa Birmingham, Uingereza, walitahadharisha kuhusu watoto walioungua kwa mabakuli ya mvuke, dawa ambayo haikuwa dawa ya korona hata kidogo.

Kilichoniuma zaidi ni wale waliocheleweshwa kupelekwa hospitali kwa hofu ya virusi. Kwa hiyo shika hili: maji baridi ya bomba yanayotiririka, dakika 20 kamili, na bado yanasaidia hata saa tatu baadaye. Vua nguo, ila iliyogandia iache. Barafu hapana, dawa ya meno hapana, siagi hapana (najua, bibi alisema). Funika kwa kitambaa safi, mwili uliobaki uwe na joto. Uso, mikono, sehemu za siri, au jeraha linalozidi kiganja cha mtoto mwenyewe: hospitali, siku hiyohiyo.