Kabla hujaandika "wamefikiwa"

Wadogo zangu mnaoanza kazi katika maktaba za jamii huku Isingiro na Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda, rasimu zenu za ripoti ya robo mwaka nimezisoma zote. Jedwali ni lilelile: "idadi ya waliofikiwa", kisha picha ya watoto wameinua vitabu, mmoja amekishika chake kichwa chini. Kwenye safu ya matokeo mmeandika "jamii imehamasika". Jamii ipi, na imehamasika kufanya nini? Nawapenda, ndiyo maana sikuzitia sahihi.

1. Mtoto mmoja akija mara tano hajawa watoto watano. Mahudhurio yawe na safu yake, wahudhuriaji safu yao. Na kama kuna uji, uandikwe kwenye ripoti. Kumpa mtoto uji si kosa, maana mwenye njaa hasikilizi hadithi, lakini unga ukiisha na ukumbi ukabaki mtupu, mfadhili atataka kujua ule "upenzi wa kusoma" mliomsimulia umekwenda wapi. Mimi nimekaa kwenye kikao cha namna hiyo. Tulijibu kwamba mvua ilinyesha sana.

2. Kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, wa shule unaanza Februari, na mfadhili ana wake wa Januari. Mtoto anaishi kwenye ule wa shule, na mama yake anaishi kwenye wa mvua. Mtu akipanga kisomo cha akina mama Machi au Septemba, wakati wa kupanda maharage na mahindi, huyo hajamuuliza mtu yeyote. Watoto wa P.7, darasa la saba, waacheni mpaka PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ipite Novemba. Kwa walioko kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, iwe Base Camp, Juru au Rubondo, tafuteni tarehe za mgao wa misaada kabla ya kuchapa tangazo. Siku ya mgao hata msaidizi wenu wa kujitolea yuko foleni. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, atawaambia haya yote kwa dakika kumi, tena bure.

3. Hali ya awali ipimwe kabla programu haijaanza. Mnajua, mmefundishwa, mna vyeti. Na mimi nilijua.

Tulikuwa na darasa la kisomo cha watu wazima, akina mama watupu, Wakongo pamoja na wenyeji. Wiki za mwanzo walitia dole gumba kwenye daftari. Wengine waliweka msalaba, wengine herufi moja kubwa iliyolala ubavu. Wino ulienea kila mahali. Ugeni kutoka kwa mfadhili ulikuwa njiani, nami nikaliona lile daftari nikaona aibu. Nikamwambia msaidizi wangu: kuanzia leo andika majina wewe mwenyewe, una mwandiko mzuri, wao waitike tu. Akafanya hivyo. Daftari likapendeza kweli, mistari imenyooka, tukalipiga picha likaingia kwenye ripoti.

Mwisho wa mwaka akaja mtathmini, mtu mpole asiyekuwa na haraka. Hakuuliza wangapi walikuja. Aliuliza wangapi walioingia hawajui kuandika majina yao, sasa wanaandika. Nikampa daftari kwa kujiamini. Akafunua kurasa za mwanzo, zenye madole, kisha zote zilizofuata, mwandiko mmoja mpaka mwisho. Nikaanza kueleza. Mama mmoja aliyekaa karibu na dirisha akanikatiza: "Mimi niliomba kalamu niandike jina langu, mkaniambia nitachafua kitabu."

Sikuwa na la kusema. Yule mama alikuwa amejifunza, na siku aliyotaka kulionyesha hilo mbele ya watu tulimnyima kalamu kwa amri yangu. Ushahidi ambao ningeweza kuupata bure kila kipindi, dole gumba likigeuka herufi na herufi ikigeuka jina kamili, niliufuta mwenyewe kwa sababu ya unadhifu. Ndiyo, tulimpa kalamu palepale, wote waliokuwepo wakaandika. Lakini hapakuwa na namna ya kuonyesha nani alianzia wapi, kwa sababu wengi walijiunga baada ya amri yangu na hawakuwahi kuacha hata doa. Mtathmini akaandika kwamba mabadiliko hayakuweza kuthibitishwa. Awamu ya pili haikuja. Kwa muda mrefu nilimlaumu mfadhili, jambo ambalo lilinistarehesha sana ila halikuwa kweli.

Kwa hiyo nikikuta daftari lenu ni safi mno, nitauliza nani kaliandika.

4. Kipo kiwango cha kimataifa cha kupima athari za maktaba, ISO 16439 cha mwaka 2014. Kinataja ushahidi wa aina tatu: unaokisiwa kutokana na takwimu, unaopatikana kwa kuwauliza watu, na unaoonekana kwa kuwatazama. Ripoti zenu zina wa kwanza tu. Changanyeni.

5. Aliyemwazima mtu kitabu asiwe ndiye anayemuuliza kama huduma ni nzuri. Watu wetu wana adabu, watasema nzuri sana, asanteni, mtuongezee viti. Ulizeni jambo lililotokea: mara ya mwisho ulisoma nini, ulikuwa wapi, nani alikuwa anasikiliza? Kijana mmoja alinijibu kwamba alisoma maelekezo ya dawa ya kupulizia migomba, akamzuia baba yake asizidishe kipimo. Hicho sikuwa nimekiweka kwenye kiashiria chochote. Viashiria vyangu vyote vilikuwa vya hadithi na mashairi.

6. Hojaji isitafsiriwe papo hapo mlangoni, huyu akisema Runyankore, yule Kiswahili, mwingine Kinyarwanda, kila mkalimani na swali lake. Tafsirini mapema, mwijaribu kwa watu wachache.

7. Tafuteni wasiokuja. Nendeni kwenye kituo cha boda, kisimani, kwenye kinu cha kusaga mahindi. Sisi tuliamini wanaume hawapendi kusoma, tukawaandalia hadi mjadala wa redioni kuwahamasisha. Walipoulizwa hatimaye, walisema maktaba hufungwa saa kumi na moja jioni, saa ambayo wao ndio wanatoka shambani. Tukasogeza muda wa kufunga. Gharama ikawa taa moja ya sola na posho kidogo ya mlinzi.

8. Fedha ya tathmini iingie kwenye bajeti siku ya kwanza, kwenye mstari wake, la sivyo bango litaila.

9. Matokeo myarudishe kwa wenyewe, kwenye mkutano wa kijiji, kabla hayajaenda Kampala. Mjiandae kubishiwa. Niliposoma kwamba familia nyingi sasa "zina vitabu nyumbani", mzee mmoja akasimama akasema vitabu hivyo ni vya maktaba, vimechelewa kurudishwa, na vitatu viko kwake. Tukarekebisha takwimu. Vitabu bado viko kwake.