Nikope ninunue mashine ya alizeti?

SWALI: Shikamoo mama. Ninalima alizeti ekari 6 huku Ikungi. Kila Juni walanguzi wanakuja, wanajaza lumbesa, nami nauza yote kwa kuwa madeni ya kilimo yananisubiri. Kikundi chetu kiko tayari kunikopesha ninunue mashine ya kukamua mafuta. Nichukue? – Msomaji, Singida

JIBU: Marahaba mwanangu. Usichukue, walau mwaka huu.

Mimi nakamua hapa Singida mjini, na ikifika Novemba mashine nyingi za majirani huwa kimya. Si mbovu. Mbegu zimekwisha. Wenye mitaji walishazisomba tangu Julai, na aliyemaliza hela yake kwenye chuma hana cha kununulia mzigo. Marejesho ya mkopo nayo hayasubiri msimu.

Uza ulipe madeni, lakini zuia magunia 10. Yaanike yakauke kweli, yaweke juu ya chaga, kisha Desemba uyapeleke kwa mwenye mashine akukamulie kwa malipo. Gunia la kilo 65 la Record, mbegu yetu ya siku zote, likikupa lita 16 hadi 18 usilalamike. Chotara hutoa zaidi, ila mbegu yake utainunua upya kila msimu.

Kabla gunia la kwanza halijamiminwa, uliza mashudu, yaani makapi ya mbegu yanayobaki baada ya kukamua, ni ya nani. Wapo wanaokukamulia kwa bei ya chini kisha wakabaki nayo, nawe unaondoka ukishukuru! Gunia hilo huacha zaidi ya kilo 40 za mashudu, na wafugaji wa kuku na ng'ombe wanayagombania. Nawajua kina mama ambao mafuta huwarudishia gharama tu. Faida yao yote iko kwenye mashudu.

Mafuta yaache yatulie, uyachuje, uyaweke kivulini. Usifuate wale wanaopanga madumu juani kando ya barabara ya Dodoma: yanameta vizuri, lakini jua huyachachisha, na abiria wa basi akishanunua humwoni tena. Tafuta mama lishe watatu wa stendi. Hao wanarudi kila wiki, na mafuta yakiwa na kasoro watakwambia bila kukuonea haya.

Wateja wakishazoea, nenda SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, uombe barua ya utambulisho. Kwa barua hiyo mjasiriamali mdogo hupata alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango, bila kulipia kwa miaka 3 ya mwanzo. Wakaguzi watataka kuona unapofungashia, kwa hiyo tenga chumba, jikoni hapafai.

Na kikundi usikiage moja kwa moja. Waombe mkopo mdogo wa Juni ijayo, wa kununulia magunia ya jirani zako kabla mlanguzi hajafika. Huo chukua.